Mnaotupia riwaya zetu PDF kwenye magrupu, mnatumaliza!

Wakuu, habari za jioni. Nimejizuia siku nne, nimeshindwa. Leo naandika.

Jumamosi jamaa mmoja alinitumia ujumbe: "Hongera mwandishi, riwaya yako huku kwetu kila mtu anaisoma." Nikafurahi kwelikweli. Nikamuuliza kaipata duka gani. Akajibu, duka la nini tena, ipo kwenye grupu, akanirushia faili. Nikalifungua. Kurasa 214 zimepigwa picha kwa simu, mmoja baada ya mwingine, kidole gumba kinaonekana pembeni karibu kila ukurasa. Na ukurasa wa kwanza kabisa kuna mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu: "Kwa kaka yangu, asante kwa kunishika mkono."

Yaani nakala niliyompa mtu bure, kwa heshima, nikaitia na sahihi, ndiyo iliyoskaniwa.

Chini ya faili watu wamejipanga: "Asante mkuu", "Barikiwa sana", "Mwenye sehemu ya pili aitupie hapa." Anayeombewa baraka ni aliyeiba! Mimi niliyeiandika miaka mitatu, usiku baada ya kazi, hakuna hata mmoja aliyenitaja.

Sasa niwaambie hela inavyokwenda, maana wengi mnadhani tunakula bata. Nilichapisha nakala 300. Kila moja 6,500, jumla 1,950,000, na sehemu kubwa ya hiyo nilikopa kikoba. Bei ya kitabu ni 12,000. Duka linachukua asilimia 40, mimi nabaki na 7,200. Toa 6,500 ya kiwandani. Faida yangu ni shilingi 700, haifiki nauli ya daladala kwenda na kurudi. Na hiyo 700 yenyewe ni mali kauli: unaacha vitabu, unarudi mwisho wa mwezi, unaambiwa mhasibu hayupo. Duka moja nimelifuata mara tano na hadi leo sijalipwa hata nakala moja, wakati rafu yao naiona tupu kwa macho yangu.

Kwa hiyo mtu akisema "PDF haina hasara kwako, inakutangaza," naona giza. Unanitangaza kwa nani, kama kila anayesikia habari zangu anaomba PDF?

Na msiniambie maisha magumu. Kuna mwanafunzi ambaye kweli hana, huyo namjua, huyo akinifuata namwazima nakala. Nawasema nyie wenye kazi zenu. Msimu mpya ukianza mnapanga foleni kununua jezi ya Simba au Yanga, na anayevaa feki mnamzomea kwamba anaihujumu timu. Uchungu huo wa jezi mnao. Wa kitabu hamna.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya Fasihi, nchi nzima tulijaa kifua, mtoto wa Zanzibar, wetu huyo. Kwenye grupu nililokuwemo haikupita hata siku moja mtu akauliza: "Jamani mwenye vitabu vyake PDF?" Mzee wa watu kaandika Uingereza miongo na miongo, sisi tunamkaribisha nyumbani kwa kumuibia.

Kwa wachoraji ni yale yale. Rafiki yangu anachora Tingatinga. Huyo mzee aliyeacha jina hilo, Edward Saidi Tingatinga, alianza na rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akafariki 1972, na mpaka leo kuna familia zinakula kwa mtindo wake. Rafiki yangu anasema Mtanzania akisimama kwenye meza yake, mara nyingi anapiga picha na simu, anaondoka. Ukienda sebuleni kwa huyo huyo unakuta fremu ya plastiki yenye maporomoko ya maji ya nchi asiyoijua, kainunua Kariakoo.

Sheria ipo, ya Hakimiliki na Hakishiriki, tangu 1999. Kusambaza kazi ya mtu bila ruhusa yake ni kuvunja haki yake, iwe umeuza au umegawa bure. Wasimamizi wa magrupu, mnaposema "mimi simo, walituma wanachama," hilo grupu mmeliita "Maktaba ya Riwaya" kwa ajili gani?

Kaka yangu, najua humu unasoma. Jina lako sitalitaja. Nyumbani kwako nimekula, na lile neno la shukrani nililiandika kwa moyo. Ingia kwenye grupu, futa faili, na waambie wale waliokushukuru kwamba kitabu kina mwenyewe.

Nakala 112 ziko chini ya kitanda changu, kwenye maboksi. Ni 12,000. Anayetaka aje PM. Wa kuomba PDF asije.