Kiwanda cha alizeti Singida: tani 180 kwa mwezi lakini faida haionekani. Tuongeze mashine ya tatu?

Alizeti_Kati

Habari wakuu. Naomba ushauri wa wenye uelewa wa ukamuaji. Kiwanda kipo Singida: mashine mbili za skrubu, kila moja ina mota ya kilowati 30, kikaango kimoja cha kupasha mbegu kwa kuni, chujio la sahani, kisha ujazaji wa ndoo za lita 20. Kazi ni saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jioni tunazima.

Mwezi uliopita: mbegu tani 180 kwa mizani ya getini, mafuta yaliyochujwa ndoo 2,660, mashudu (makapi ya mbegu baada ya kukamua, huuzwa kama chakula cha mifugo) tani 119. Soko lipo, mzigo wote unaenda Dar es Salaam na unaisha. Lakini tukishalipa mbegu, kuni, umeme, mishahara na lori, kinachobaki ni kidogo mno. Mshirika wangu anataka tukope tununue mashine ya tatu ili tuongeze wingi. Ni sahihi? Na kwenye umeme na usafiri, pa kubana ni wapi?

Kinu_na_Skrubu

Mkuu, msikope bado. Takwimu ulizoweka zinatosha kuonyesha pesa inakopotelea.

Ndoo 2,660 ni lita 53,200. Lita moja ya mafuta ya alizeti yaliyopoa ina kilo 0.92, kwa hiyo mmetoa kama tani 49. Jumlisha mashudu 119, unapata 168. Mlinunua 180. Tani 12 haziko kwenye mafuta wala kwenye mashudu. Sehemu yake ni maji yaliyoondoka kama mvuke. Kwa mbegu za unyevu wa asilimia 7 hivi, hayo ni kama tani 5. Tani 7 zilizobaki ni mchanga, mabua, vipande vya vichwa vya alizeti, mapepe, pamoja na mashapo ya chujio kama huwa mnayatupa. Takataka mmezilipia kwa bei ya mbegu, mkazipakia, mkazishusha, na huo mchanga ndio unaosaga vyuma vya mashine.

Sasa njoo kwenye mashudu. Mbegu safi ni kama tani 173. Zikiwa na mafuta asilimia 38, ndani yake mna tani 65.7. Mmetoa 49. Tani 16.7 zimebaki kwenye mashudu tani 119, yaani asilimia 14. Mashine ya skrubu iliyo sawa, mbegu zikipashwa vizuri, huacha asilimia 7 hadi 9. Mkishuka hadi 8, mashudu yatapungua yawe tani 111.2 na mafuta yataongezeka tani 7.8. Hizo ni lita karibu 8,500, ndoo 424 kila mwezi, kwa mbegu zilezile. Mtakosa tani 7.8 za mashudu, kwa hiyo toa bei yake kwenye hesabu, lakini kilo ya mashudu na kilo ya mafuta hazikaribiani bei hata kidogo.

Mashine ya tatu yenye hali hiyohiyo itawaongezea wingi wa mafuta mnayoyauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Mpima_Mbegu

Naunga mkono hesabu, ila naomba tusiilaumu mashine kabla ya kupima mbegu. Kila kitu hapo juu kimesimama juu ya ile asilimia 38. Chotara nyingi hufika 40 na kuzidi. Mbegu ya aina ya Record iliyorudiwa shambani misimu mingi inaweza kuwa chini sana. Chukulia 33: tani 173 zina mafuta 57.1, toa 49, zinabaki 8.1, ambayo ni asilimia 6.8 tu ya mashudu. Hapo mashine haina kosa, tatizo ni mtu wenu anayenunua mbegu.

Kwa hiyo pimeni vyote viwili kwa wakati mmoja. Chukueni mbegu kutoka magunia tofauti, kwa mrija mrefu unaofika katikati ya gunia (juu huwekwa mbegu nzuri), changanyeni, gaweni hadi ibaki nusu kilo. Mashudu yachukueni kila baada ya nusu saa kwa zamu nzima, siyo kwa mkupuo mmoja, na kila mashine iwe na mfuko wake. Fungeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo unyevu unabadilika njiani. Ombeni maabara wapime mafuta na unyevu pamoja. Namba ya mafuta bila ya unyevu haisaidii hesabu.

Getini, acheni kununua kwa gunia. Gunia la alizeti liitwalo la kilo 100 hubeba kilo 60 na ushee tu kwa sababu mbegu ni nyepesi, na lumbesa inavuruga zaidi. Nunueni kwa kilo, kwenye mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, na wekeni kanuni ya makato iliyobandikwa ukutani: takataka hadi asilimia 2 bila makato, zaidi ya hapo kilo kwa kilo. Chekecha kilo moja mbele ya muuzaji mwenyewe, apime mchanga wake kwa macho. Mkulima akiona haki ikitendeka, msimu unaofuata analeta mzigo msafi.

Alizeti_Kati

Asanteni sana wakuu. Majibu ya maabara tumepata. Mbegu: mafuta asilimia 38.4, unyevu 9.5. Mashudu ya mashine A: mafuta 11. Mashine B: mafuta 17. Unyevu wa mashudu yote ni kati ya 6 na 7. Mashine B inatoa mashudu laini, ukiyakunja yanapinda, na mafuta yake yana mashapo mengi, chujio linaziba kila baada ya saa mbili. Tuanzie wapi?

Kinu_na_Skrubu

Ahsante kwa kurudi na vipimo, sasa tunaongea kitu kimoja.

Kabla ya kufungua chochote, shughulikia unyevu. Asilimia 9.5 ni nyingi. Mbegu yenye maji hulainika, inateleza juu ya skrubu badala ya kubanwa, na mafuta hutoka na povu. Lenga asilimia 6 hadi 7 wakati mbegu inaingia kwenye mashine, na joto la nyuzi 80 hadi 90. Kikaango cha kuni kinafika huko bila shida, tatizo ni kwamba moto haukai sawa: fundi akiongeza kuni, chini mbegu zinaungua na juu bado ni baridi. Funga kipimajoto kwenye mlango wa kutokea mbegu, siyo kwenye ukuta wa kikaango, na mbegu zikae humo dakika 15 hadi 20 zikikorogwa muda wote. Msizidishe pia. Zikikauka chini ya asilimia 4 au 5, mashudu hutoka kama unga, mota inalia na mafuta yanakuwa meusi.

Halafu mashine B. Dalili zako mbili, mashudu yanayopinda na mashapo mengi, mara nyingi husababishwa na vitu viwili tofauti, kwa hiyo kagua vyote.

Mashudu laini yenye mafuta: pingili (vipande vinavyounda skrubu) za mwisho, zile za upande wa kutokea mashudu, zimelika. Ndizo hubeba shinikizo kubwa, kwa hiyo hufa kwanza. Zivue, pima kipenyo cha kila pingili kwa kalipa, linganisha na pingili mpya. Ukingo ukiwa umekuwa mviringo na unang'aa kama kijiko, hiyo haibani tena. Zinaweza kujazwa kwa kuchomelea chuma kigumu kisha kusagwa kwa jiwe hadi kipimo cha awali, lakini muwe na seti ya akiba ili mashine isisimame wakati fundi anachomelea. Na msimruhusu mwendeshaji kukaza koni ya kutokea mashudu ili kufidia pingili zilizokufa. Ataongeza mzigo kwenye mota na giaboksi, mafuta hayataongezeka.

Mashapo mengi: vyuma vya kizimba, vile vinavyopitisha mafuta, vimeachana. Nafasi kati yake huwa pana upande wa kuingia mbegu, kama milimita 0.7, na hupungua hadi 0.2 au 0.3 upande wa kutokea. Tumieni geji ya mabamba membamba, ile ya mafundi magari ya kupimia vali. Pale inapopita 0.5 kwenye sehemu ya shinikizo, mbegu iliyosagwa inasukumwa nje pamoja na mafuta. Angalieni pia kama kuna mtu alirudisha vipande vya kutenganishia bila mpangilio baada ya usafi. Hutokea sana.

Juu ya hopa wekeni chekeche la hatua mbili (tundu kubwa linazuia mabua, tundu dogo linaangusha mchanga) na sumaku. Msumari mmoja unatosha kuvunja pingili mpya.

Mashapo ya chujio yarudisheni kwenye kikaango kidogo kidogo, isizidi kama asilimia 5 ya mbegu, yakichanganywa. Mkiyamwaga kwa mkupuo mashine itateleza.

Jambo la mwisho kwa upande wangu: kuzima kila jioni. Mashine ikipoa, mashudu yanakauka ndani ya kizimba, na asubuhi inachukua dakika 40 au zaidi kabla joto halijatulia. Muda huo mashudu yote yanatoka na mafuta mengi. Mnaanza upya mara 26 kwa mwezi, mashine mbili. Kwa kasi yenu ya sasa tani 180 ni saa 312. Kazi hiyohiyo inafanyika kwa siku 13 za mfululizo, zamu mbili za saa 12, na siku zinazobaki ni za matengenezo na kukusanya mbegu.

Waya_Tatu

Kuhusu umeme. Kwa mzigo huo mpo kwenye kundi la T2 la TANESCO, kwa hiyo bili ina sehemu mbili kubwa: uniti, na kilele cha mahitaji kwa kVA. Hiyo ya pili ndiyo watu hawaiangalii. Tazama kwenye bili kilele ni kVA ngapi, kisha linganisha na kilowati zinazotumika kweli.

Mfano: mzigo wa kilowati 75 kwenye kipeo cha nguvu (uwiano wa kilowati kwa kVA) cha 0.72 ni kVA 104. Ukikipandisha hadi 0.95 inakuwa kVA 79. Unalipia kVA 25 pungufu kila mwezi, kwa kufunga kapasita za jumla ya kVAr 48 hivi. Chukua paneli ya kVAr 50 yenye hatua tano za 10 na kidhibiti kinachoziingiza na kuzitoa zenyewe. Kapasita zilizofungwa moja kwa moja bila kidhibiti ni hatari: mota zikizimwa zinabaki kwenye laini na volteji inapanda.

Wengi huambiwa wawashe mota moja moja ili kupunguza kilele. Fanyeni hivyo kulinda waya na swichi, lakini msitegemee bili kushuka kwa hilo, kwa sababu mita inachukua wastani wa muda mrefu, siyo mruko wa sekunde tano za kuwasha. Kazeni mikanda pia. Mkanda unaoteleza unanuka mpira na kuacha unga mweusi kwenye puli, na hiyo ni nguvu mliyoilipia.

Mizani_ya_Njuki

Usafiri. Singida ipo kwenye barabara ya malori yanayotoka Rwanda na Burundi kurudi Dar es Salaam, mengi yakiwa matupu. Msikodi lori la kwenda na kurudi kwa umbali wa kilomita 700 hivi. Ongeeni na msafirishaji mmoja au wawili wenye ratiba, wapeni tarehe za kupakia mapema, lakini mkague bodi: harufu ya dizeli au mabaki ya mbolea, mzigo usipande.

Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, semi ya ekseli sita (mbele moja, mbili za kichwa zenye tairi mbilimbili, tatu za trela) inaruhusiwa tani 50 kwa jumla: 8, 18 na 24. Toa uzito wa gari tupu ndipo upate mzigo. Jumla inaweza kuwa sawa na bado ukakwama mizani kwa sababu ekseli moja imezidi. Ndoo zikirundikwa mbele, ekseli za kichwa zinalemewa.

Na ujazaji. Mnajaza mafuta yakiwa moto? Mafuta ya nyuzi 55 yakipoa hadi 25 hupungua ujazo kwa asilimia 2 hivi, karibu nusu lita kwenye ndoo. Mteja Dar es Salaam anaona ndoo haijajaa, analalamika, na mjazaji naye anaanza kuongeza kwa kukadiria. Jazeni kwa uzito: kilo 18.4 za mafuta kwa ndoo, mizani irudishwe sifuri na ndoo tupu juu yake. Ndoo tupu pimeni kila shehena mpya ikifika, kwa sababu uzito wake hubadilika.

Alizeti_Kati

Nimewaelewa wakuu. Mashine B tunaifungua Jumatatu. Seti ya pingili tuagize moja au mbili?

Kinu_na_Skrubu

Za mwisho mbili, za mwanzo moja inatosha. Na kabla ya kufunga mpya, andika kipimo cha kila pingili na tarehe. Baada ya tani 200 fungua upime tena, utajua zinalika milimita ngapi kwa kila tani mia, na hutahitaji kusubiri mashudu yaanze kupinda.