Tingatinga la kazi za chumvi Gongoni: CAT D6R, Komatsu D65 au Shantui SD22?

Mjukuu wa Marereni

Assalam alaikum. Walio kwenye mashine nzito naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa.

Miaka minne sasa nakodisha tingatinga la watu. Kazi zangu nyingi ni mashamba ya chumvi huku Kilifi, kati ya Gongoni na Marereni: kupandisha kingo za mabwawa, kuzibua mifereji ya maji ya bahari, na masika yakipita kurudishia kingo zilizokatwa na mvua. Mara moja moja naitwa kufyeka shamba ndani ndani Magarini. Pesa ya kukodisha imenichosha, nataka mashine yangu mwenyewe, iliyotumika.

Nimeonyeshwa tatu: CAT D6R, Komatsu D65EX na Shantui SD22. Shantui ndiyo yenye umri mdogo na bei nafuu. CAT ndiyo ghali, na imeshafanya saa nyingi za kazi kuliko zote. Ipi ina nguvu ya kazi hii, ipi haitalala gereji, na ipi itanigharimu kidogo mpaka siku nitakayoiuza?

Fundi Cheni, Malindi

Waalaikum salaam ndugu yangu. Wote huanza na injini. Chumvi haianzi na injini, inaanza chini.

Hata watengenezaji wenyewe hukubali kwamba karibu nusu ya gharama ya matengenezo ya tingatinga huishia kwenye cheni, roli zinazoibeba mashine juu ya cheni, aidla (gurudumu la mbele linaloongoza cheni) na sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni). Hiyo ni kazi ya kawaida. Kwako kuna mchanga unaosaga pini na bushi za viungo vya cheni kama tupa, halafu maji ya chumvi yanayotafuna sili. Sili ikishaachia, maji huingia kwenye gia za mwisho, zile zinazozungusha sproketi, na siku ukifungua utakuta mafuta meupe kama chai ya maziwa. Nimezifungua za namna hiyo nyingi tu, za chapa mbalimbali, na karibu zote mwenyewe alikuwa anabadilisha mafuta ya injini kwa wakati. Ya chini hakuyaangalia hata siku moja.

Sasa CAT. D6R ina sproketi ya juu, ule umbo wa pembetatu ambao Caterpillar waliuanza na D10 mwaka 1977. Faida yake kwako ni ya kweli: gia za mwisho zimepanda, hazizami kwenye tope la chumvi, na mshtuko wa chini hauzifikii moja kwa moja. Lakini cheni hiyo ni ndefu zaidi na inapinda mahali pengi zaidi, na kila inapopinda kwenye mchanga inajisaga. Komatsu na Shantui zina cheni ya chini ya kawaida: viungo vichache, bei ndogo ukibadilisha, ila sproketi na gia zake zinaogelea kwenye tope.

Shantui wengi wanaidharau bila kuijua. SD22 imetokana na Komatsu D85A-18, waliyoitengeneza kwa leseni, ndiyo maana spea nyingi za chini zinaingiliana. Injini yake ya Cummins NT855 ni ya zamani, haina kompyuta, na fundi yeyote mzoefu wa dizeli anaielewa. Ina nguvu farasi 220 na uzito wa tani 23 na ushee. Kwa matengenezo ya porini sina neno baya juu yake.

Lakini kuna swali hujauliza. Viatu vya cheni, yale mabamba yanayokanyaga chini, vina upana gani?

Opereta wa Hindi

Fundi amegusa penyewe. Mimi niko Lamu, nimeendesha mchanga wa Hindi na tope la Witu, na upana wa kiatu umeniokoa kuliko jina lililoandikwa ubavuni.

Hiyo D65EX ni ya ardhi kavu. Ndugu yake wa matope ni D65PX, yenye viatu vya karibu milimita 900. D6R nayo ina toleo la cheni pana, na SD22 inalo pia, linaitwa SD22S. Ukiipeleka ya viatu vyembamba juu ya ukingo wa bwawa, utakuwa unaukata ukingo huo huo unaoujenga. Ila usiipeleke hiyo ya viatu vipana kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe. Viatu vitapinda na boliti zitakatika.

Na kukata kona: D65 za kuanzia toleo la 15 zina usukani wa haidroliki, cheni zote mbili zinaendelea kusukuma hata ukigeuka. SD22 inatumia klachi na breki, ukigeuka upande mmoja unakatika nguvu. Kwenye kavu huoni tofauti. Kwenye tope, na bledi (bamba la mbele la kusukumia udongo) imejaa, unaiona vizuri mno, maana mashine inasimama na ukiilazimisha inajichimbia. D6R angalia vizuri, zipo za klachi na breki na zipo za difrensha, ambazo cheni zote mbili zinaendelea kusukuma kwenye kona; za pili ndizo tamu.

Kaka Mkubwa 254

Chukua D8R umalize maneno.

Opereta wa Hindi

Kaka, D8R ni tani 37 na kitu. Juu ya kingo za Gongoni? Tutakuja kuitoa na nini?

Bint Sabaki

Kaka Mjukuu, mimi naweka hesabu za mwenye mashine mbili hapa mjini, nakupa upande wangu.

Bei ya kununua ndiyo namba inayodanganya zaidi. Andika karatasi yenye mistari hii: bei, dizeli kwa saa, cheni na roli mpaka zibadilishwe, lobedi (lori la kubebea mashine) ya kuipeleka na kuirudisha, mshahara wa opereta, siku za kulala, halafu toa bei utakayouzia. Gawa kwa saa utakazofanya kazi kweli, usigawe kwa saa unazoziota. Sisi mstari wa siku za kulala ndio ulituumiza. Mwaka mmoja mashine ililala kaskazi nzima ikisubiri kipande kimoja cha gia, na kaskazi ndiyo msimu wenu wa chumvi.

CAT hurudisha pesa vizuri ukiuza, na wakala wake, Mantrac, yupo nchini. Komatsu ina Panafrican. Shantui inakupa nafuu mwanzoni, lakini mnunuzi wa pili atakubana bei.

Jambo moja usilipite: ukiletewa mashine mpya mpya iliyotoka Ulaya au Marekani, uliza kuhusu chujio la moshi. Nyingi za hizo zinataka dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na kiwango kilichoanza Afrika Mashariki mwaka 2015 ni 50. Mfumo ule ukiziba, injini inajipunguzia nguvu, na huku kwetu kumpata mwenye kompyuta ya kuusoma ni safari.

Mjukuu wa Marereni

Allah awalipe kheri. Nimempigia muuzaji sasa hivi. D6R ni ya cheni pana na ni ya difrensha. SD22 ni ya viatu vyembamba. D65 ni EX, kama alivyosema Opereta. Kwa hiyo moyo umelalia CAT, ila saa zake nyingi zinanitisha.

Fundi Cheni, Malindi

Saa zisikutishe, zikutume kupima. Kaza cheni kwanza, kisha pima urefu wa viungo vinne kutoka pini hadi pini. Ukilinganisha na kipimo cha mpya utajua imerefuka kiasi gani kwa kuchakaa. Angalia bushi kama zimewahi kugeuzwa, maana zikigeuzwa kwa wakati wake unapata maisha ya pili. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama ya papa, hiyo ni pesa yako, mwondolee kwenye bei. Fungua boliti ya gia za mwisho pande zote mbili, chukua mafuta kidogo kwenye chupa safi. Na muulize opereta wake, si mwenyewe, kama walikuwa wakirudi nyuma kwa gia ya kasi. Kurudi nyuma ndiko kunakomaliza bushi na sproketi.

Mimi niko huru Jumamosi, nitakuja na vipimo. Mwambie muuzaji asiioshe kabla hatujafika. Nataka kuona matope yake na mahali mafuta yanapovujia.