Mrejesho: Kuhamia Nhill, Australia, na hali ya nyumba
Wakuu, niliuliza kama familia ya kipato cha kawaida inaweza kuhama Melbourne ikaishi Nhill, mji wa ngano huko Wimmera, magharibi mwa jimbo la Victoria. Nimekwenda kujionea.

Kununua ni nafuu kweli: hela ya fleti ndogo Melbourne huku inakupa nyumba nzima ya mbao na uwanja wa watoto kuchezea. Kasheshe ni kupanga. Nyumba za kupangisha zinatafutwa kwa tochi, na nyingi zinapita mdomo kwa mdomo kabla hazijatangazwa. Niliyooneshwa ilikuwa imara, ila kuta nyembamba. Ulizeni hita kabla ya kodi.

Mji una wakazi kama 2,000. Tangu 2010 Wakaren, wakimbizi kutoka Myanmar, wamehamia kufanya kazi kiwanda cha bata cha Luv-a-Duck, na utafiti wa 2015 ulikadiria wameuongezea uchumi wa eneo lile dola za Australia milioni 41 na ushee ndani ya miaka mitano. Dukani Kikaren kinasikika waziwazi, na sisi weusi hakuna aliyetukodolea macho. Hilo lilinigusa sana.

Tumeamua kwenda. Mke wangu ameshaomba kazi. Tukipata, tunaanza na chumba cha kushea huku tukisaka nyumba.