Python ipi kwa TensorFlow 2.10?

Mdau wa Sinza: Wakuu, nina Windows na Python 3.13. Nikiweka tensorflow==2.10 (maktaba ya kufundisha mashine), pip, kisakinishi cha maktaba za Python, inasema haioni toleo linalofaa. Naitaka 2.10 kwa ajili ya kadi ya picha (GPU) ya NVIDIA. Nishuke hadi Python ipi?

Mdau wa Tegeta: 3.10, mkuu. TensorFlow 2.10 inakubali Python 3.7 hadi 3.10 tu, na ndiyo ya mwisho kutumia GPU moja kwa moja kwenye Windows. Chukua 3.10.11 ya biti 64. Matoleo ya 3.10 yaliyofuata hayana kisakinishi cha Windows. 3.13 usiifute, zinakaa pamoja. Kisha tengeneza mazingira ya pekee ya mradi na uweke maktaba humo:

py -3.10 -m venv mradi
mradi\Scripts\activate
pip install tensorflow==2.10 "numpy<2"

Hapo kwenye numpy, maktaba ya hesabu, ndipo wengi wanakwama: 2.10 ilijengwa juu ya numpy 1, ikija ya 2 hata import inagoma.

Mdau wa Mbagala: Ongeza CUDA 11.2 na cuDNN 8.1, programu za NVIDIA ambazo TensorFlow huzihitaji ili kutumia GPU; si mpya zaidi. Na kabla hujaunguza bando, angalia mafaili ya maktaba kule PyPI, ghala la mtandaoni ambako pip huzitoa: cp310 kwenye jina maana yake Python 3.10. Kwa maktaba nyingine, ukikosa namba yako pip huanza kujenga kutoka kwenye msimbo na kudai kompaila ya C. Balaa tupu.

Mdau wa Sinza: Imekubali, GPU inaonekana. Asanteni.