Mjadala: Kijana mwenye usonji kwenye kipindi cha vichekesho, tucheke naye au tumwache?

Mwenye mada (Section 58, Nakuru)

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizungukane. Nataka kituo kimoja cha televisheni hapa Kenya kiandae tamthilia ya vichekesho kuhusu kijana mwenye usonji (autism) anayeingia utu uzima. Sisemi tangazo la dakika moja la Aprili 2, siku ya usonji duniani, kisha turudi kwa siasa. Nasema kipindi cha kila wiki, watu wakae sebuleni wacheke. Nikilitaja hili naambiwa ni dhihaka. Karibuni tubishane.

Mfano nilio nao akilini ni Atypical ya Netflix, iliyoanza Agosti 2017 ikaisha Julai 2021, misimu 4. Aliyeibuni ni Robia Rashid. Sam Gardner ana miaka 18, anasoma sekondari Marekani, jioni anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, anajua kila kitu kuhusu Antaktika na pengwini, na ameamua anataka mpenzi. Basi, hadithi ni hiyo. Mama yake, Elsa, amezoea kumlinda kiasi kwamba kijana akianza kujitegemea yeye ndiye anayeyumba. Rafiki wa kazini, Zahid, anamwaga mashauri ya mapenzi yasiyo na kichwa wala miguu, na Sam anayachukua kama yalivyo.

Kuna sehemu moja ya msimu wa kwanza niliyoirudia. Dansi ya shule inakaribia, na Sam hawezi kustahimili kelele. Msichana wake, Paige, anapigania ifanywe dansi ya kimya, kila mtu na vipokea sauti vyake masikioni. Hebu fikiria ukumbi mzima wa vijana wanaruka na kunengua, na wewe uliyesimama mlangoni husikii ila viatu sakafuni. Kwa mara ya kwanza wote wanaonekana wa ajabu, na Sam yumo katikati yao kama mtu mwingine yeyote.

Sasa tazama sisi tunavyomwonyesha mtoto mwenye ulemavu. Anatokea kipindi kimoja, mama analia, mchungaji anaombea, mfadhili anafika na gari kubwa, kwisha. Mtoto mwenyewe hajawahi kutaka kitu. Hajawahi kumdanganya mama yake, hana anayemtamani, hana deni la duka, hana adui. Ndiyo maana nang'ang'ania hadithi ya kukua: ndevu, simu yenye siri, hamu ya kuhama nyumbani.

Mwalimu mstaafu (Molo)

Kijana wangu, nimekusoma mpaka mwisho na bado napinga.

Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Nilifundisha kitengo maalum miaka mingi, kwa hiyo ibara hiyo kwangu si maandishi tu. Tena tujiulize vichekesho vyetu vimejengwa juu ya nini. Vitimbi, Vioja Mahakamani, na vyote vilivyofuata: lafudhi ya kabila fulani, mlevi, mshamba aliyeingia mjini, mzee asiyesikia vizuri. Tunacheka mtu anavyotamka, anavyotembea. Waigizaji walikuwa mahodari, silikatai hilo, lakini ndiyo shule tuliyosomea kucheka. Mlete kijana anayerudia maneno na kupunga mikono akifurahi, Jumapili usiku aonekane kwenye runinga. Jumatatu asubuhi, kabla ya paredi kuanza, kila mtoto uwanjani atakuwa amejua kumwiga. Na pale pembeni atakuwepo mmoja asiyeigiza.

Wewe utakuwa nyumbani unahesabu watazamaji. Mwalimu ndiye atakayekuwa uwanjani.

Mwenye mada

Mwalimu, ibara ya 33 ya Katiba hiyohiyo inalinda ubunifu wa kisanii. Na hao watoto wanamwiga hata sasa, bila televisheni yoyote. Ninachosema ni wamjue kwanza.

Mama wa Lanet

Mwalimu, kwa heshima, na wewe mwenye mada, nisikilizeni nyote wawili.

Wa kwangu ana miaka 16. Jumamosi husimama steji na daftari akinakili namba za matatu, kisha nyumbani anazipanga kwa herufi. Atakueleza kwamba hakuna gari Kenya lenye KAI wala KAO, kwa sababu I na O zinafanana na 1 na 0, na atakueleza hata kama hukuuliza na mko matangani. Makanga walipomwona wakaamini ni mtu wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mara ya kwanza walimnunulia chai na mandazi. Baadaye mmoja akanivuta kando: "Mathe, tuongelee na huyo bosi wako, apunguze." Kuna dereva alifunga mkanda, na wenzake waliapa hawajawahi kumwona akiugusa. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Mwanangu hakujua kama kuna utani wowote. Alikuwa anaandika tu.

Hiyo mwenye mada ataipenda. Sasa sikia ya pili. Jumamosi nyingine makanga walikuwa wageni. Wakamnyang'anya daftari, mmoja akapaza sauti kwamba anachunguza magari ya kuiba. Wa kwangu akishikwa mkono ghafla hupiga mayowe na kujigonga kichwa, na mtu anayepiga mayowe huku akijinasua anafanana na mwenye hatia. Mnajua neno mwizi likisemwa kwa sauti steji hufuatwa na nini. Aliyesimama katikati ni kijana wa kuuza mayai na smokie. Aliweka kigari chake mbele yao akasema, "Huyu ni Afande wetu, mwacheni." Basi nikajua steji walishampa jina.

Katika msimu wa pili wa hiyo tamthilia Sam naye anashikwa na polisi usiku, kwa sababu afisa hakuelewa anachokiona. Baadaye baba yake anahangaika mpaka maafisa wapewe mafunzo. Ni vizuri. Lakini huku kwetu hatari haisubiri polisi wafike. Swali langu ni hili: mtaandika ya chai na mandazi muache ya mayowe?

Jamaa wa Kaptembwa

Mathe, hiyo ya mkanda nimekufa. Nisamehe. Hiyo ingine nimenyamaza.

Msanii (Kisumu)

Mimi niulize jambo la kazi: nani ataigiza? Niko jukwaani tangu nimalize shule, michezo ya setibuku, vile vitabu vya fasihi vya shule, Kisumu, Kakamega, Nakuru, na nimekuwa kwenye shuti kadhaa za televisheni. Atypical ilipotoka walilaumiwa kwamba Keir Gilchrist, aliyemwigiza Sam, hana usonji. Msimu wa pili wakaleta waigizaji wenye usonji kwenye kikundi cha wanafunzi anachojiunga nacho Sam, lakini Sam akabaki yuleyule. Kwangu hilo halikuwa kosa. Kazi yangu ni kuwa mtu nisiye. Nimekuwa chifu, nimekuwa mjane. Tukianza kudai kila mtu aigize kilicho chake, tufunge jukwaa.

Halafu kuna mambo ya pesa ambayo hamyataji. Kanuni zinadai asilimia 40 ya vipindi viwe vya hapa nchini, na vituo vingi vinaijaza kwa bei ya chini kabisa. Unaitwa saa kumi na moja alfajiri, unakaa kwenye jua, skripti inabadilishwa mkononi, jenereta inanguruma, mkurugenzi anafoka. Mwigizaji mwenye usonji atahitaji mahali patulivu na ratiba isiyobadilika. Nani atalipia?

Nyar Kondele

Ratiba isiyobadilika na mahali patulivu. Msanii, wewe hungependa hivyo vitu?

Mimi nina usonji. Niliambiwa nikiwa mtu mzima, baada ya miaka ya kuitwa mwenye maringo kwa sababu siangalii watu machoni. Sisi wasichana hatutambuliwi kwa sababu tunajifunza mapema kuiga. Shuleni nilikuwa na msichana mmoja niliyemsoma kama somo: anacheka lini, anasimamaje, mkono unaweka wapi ukisikiliza. Jioni nilikuwa nachoka kama niliyepanda matuta. Kwa hiyo unaposema kazi yako ni kuwa mtu usiye, nakwambia nimeifanya kazi hiyo bila malipo tangu darasa la 3. Usiniambie siwezi kuigiza. Mwaka 2020 Marekani walimpa Kayla Cromer nafasi kuu katika Everything's Gonna Be Okay, naye ana usonji, na ilikuwa vichekesho vilevile.

Mwenye mada, nawe nina neno lako. Umetaja dansi, hukutaja stroberi. Katika msimu huohuo Sam anampenda mshauri wake, Julia, na anaingia nyumbani kwake kisirisiri kumpelekea stroberi za chokoleti. Tunatarajiwa tucheke, maskini Sam hajui mipaka. Mimi nilizima. Mwanamke anakuta mtu ameingia kwake, na tamthilia inataka tumsamehe kabla hajafundishwa. Sitaki kusamehewa hivyo. Ukiandika, mwache kijana wako akosee kweli, aambiwe kweli, akasirike, aombe radhi. Huko ndiko kukua. Kumpa kila kitu bure kwa sababu ya usonji ni kumfanya mtoto milele, na Mwalimu akisema amedhalilishwa nitamuunga mkono.

Jambo jingine. Sam anaongea sana, anafaulu masomo, nyumbani ana chumba chake. Binamu yangu hasemi. Ana miaka 19, anaandika kwenye tableti kwa kidole kimoja, na ndiye mchekeshaji kuliko sisi wote, ila utani wake unafika dakika mbili baada ya mazungumzo kuhamia kwingine. Sijawahi kuona televisheni ikimsubiri mtu dakika mbili.

Baba (Kakamega)

Mambo ya Julia yamenikumbusha. Huku nani ana mshauri wa kukaa naye kila wiki? Julia wetu ni kinyozi.

Mwanangu hawezi mashine ya kunyoa, ule mvumo unamwingia kichwani. Tumefukuzwa na vinyozi wawili. Wa tatu ana kibanda karibu na soko, alituuliza tu anapenda nini, akaanza kumnyoa kwa makasi, polepole, huku wakihesabu pamoja. Wakifika mia wanapumzika. Nywele zinatoka zimepandana kama ngazi na hakuna anayejali. Siku hizi mwanangu anamweleza kinyozi mambo asiyonieleza mimi, pamoja na jina la msichana fulani. Mwenye mada, hapo una wahusika wawili bila gharama.

Na usisahau bibi. Kwenye hadithi ya Wamarekani baba aliondoka nyumbani kwa miezi kadhaa mtoto alipogunduliwa. Huku kabla baba hajaondoka kuna kikao cha ukoo, na swali ni moja: limetoka upande gani? Jirani zetu Wajaluo watataja chira, laana ya kuvunja mwiko, sisi tunayo majina yetu. Mama ndiye anayekaa kwenye kiti cha mshtakiwa. Kichekesho hapo kinataka mwandishi mwenye mkono mwepesi sana.

Mwalimu mstaafu

Dada wa Kondele, umesema vyema kuliko sisi. Sijabadilika kuhusu uwanja wa Jumatatu, ila naongeza sharti: kikiandikwa, kisirushwe bila mazungumzo na shule kwanza. Na huyo kijana asipewe kipaji cha kimiujiza cha hesabu. Wazazi walikuwa wakinijia kuuliza kipaji cha mtoto wao kiko wapi, kana kwamba usonji hauruhusiwi kuja mikono mitupu.

Msanii (Kisumu)

Nyar Kondele, umenipiga na nimesikia maumivu. Bado nasema nafasi iwe wazi kwa wote na majaribio yaamue. Lakini majaribio yenyewe, nakubali, hufanyiwa ukumbini penye kelele, watu 60 kwenye foleni, na anayekuangalia machoni ndiye anayeitwa tena.

Nyar Kondele

Basi umeshajibu kwa nini hamtuoni.

Mwenye mada

Stroberi niliziruka kwa sababu zilinikera pia, na nilitaka kuitetea tamthilia. Dada, hapo huna deni.

Mama wa Lanet, swali lako ni kwamba niandike ipi. Naona ziwe kipindi kimoja, chai na mandazi dakika kumi za kwanza, mayowe yanayofuata, na watu walewale waliocheka wasijue wafanye nini na nyuso zao. Mwalimu ataniambia uwanjani wataiga nusu ya kwanza tu. Huenda. Nitamwandika na mtoto anayeiga pia, tuone nyumbani kwake anaambiwa nini. Na bibi wa Kakamega sitamfanya jini, maana anampenda mjukuu kuliko wote na bado anataka apelekwe kwa mganga.

Mama, utaniruhusu nitumie daftari na Afande?

Mama wa Lanet

Mimi si mwenye daftari. Njoo Jumamosi umuulize. Ujue namba ya gari lako kabisa, ndilo swali la kwanza.

Mwenye mada

Sina gari, Mama.

Mama wa Lanet

Basi ya bodaboda uliyokuja nayo. Zile huanza na KM. Ukisema hukuitazama, atakurudisha ukaitazame.