Creedence Clearwater Revival: Acheni kuisingizia kampuni, bendi waliiua wenyewe

Wakuu, nimechoka. Kila tukiitaja Creedence, ile bendi ya rock ya Marekani, anatokea mtu kudai kwamba Saul Zaentz na kampuni yake ya rekodi ya Fantasy ndio walioiua. Mkataba ulikuwa wa kinyonyaji, hilo sibishi. John Fogerty, mwimbaji na mtunzi wao, alifika mahali akaachia mirabaha yake ili tu ajinasue. Lakini Tom Fogerty, kaka yake John, hakuondoka kwenye bendi kwa sababu ya mkataba. Alichoshwa na mdogo wake wa damu.

Kumbukeni walikotoka. John, Stu Cook na Doug Clifford walikuwa watoto wa shule pale El Cerrito, California. Kaka mtu, Tom, akawachukua wakawa wanampigia, na bendi ikaitwa Tommy Fogerty and the Blue Velvets. Mwimbaji alikuwa Tom! Baadaye akaona sauti ya dogo John ni kali kuliko yake, akamwachia maikrofoni, yeye akarudi nyuma na gitaa la ridhimu. Kaka wangapi mnawajua wangekubali hivyo?

Na alilipwa nini? John atunge, John aimbe, John apige solo, John asimamie kurekodi, John aamue hata kwamba onyesho likiisha limeisha, hakuna kurudi jukwaani mashabiki wapige kelele wasipige. Najua, ni utaratibu huohuo uliotupa albamu tatu ndani ya mwaka 1969 peke yake, kisha Cosmo's Factory mwaka uliofuata. Nazipenda zote, na ndiyo maana linaniuma hivi.

Mwanzoni mwa 1971 Tom akaondoka. Wakabaki watatu, ikaja albamu ya Mardi Gras ya 1972, kila mtu na tungo zake na sauti yake. Isikilizeni, bendi inakata roho humo ndani. Oktoba mwaka huohuo wakavunja.

Lakini kinachonichemsha damu hasa ni 1993. Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayowaenzi wanamuziki wa rock, inawapa heshima yao. Tom hayupo, alifariki 1990, baada ya kuongezewa damu yenye virusi vya UKIMWI. Stu na Doug wapo palepale ukumbini. John akakataa kupiga nao! Akapanda jukwaani na wanamuziki wengine, Bruce Springsteen na Robbie Robertson, kupiga nyimbo za Creedence, na watu waliozirekodi naye wakaachwa chini kama wageni waalikwa.

Utetezi wa John naujua: wenzake walimpa Zaentz kura zao katika mambo ya bendi. Ni usaliti, na mimi ningekasirika. Lakini 1980, kwenye harusi ya Tom, wote wanne walishika vyombo wakapiga pamoja. Hawakuwa wamepatana wakati ule. Waliyaweka pembeni kwa nyimbo chache, kwa heshima ya Tom. Sasa ile heshima ya 1993 haikuwa ya Tom pia?

Miaka miwili baadaye Stu na Doug wakaanzisha Creedence Clearwater Revisited, John akawapeleka mahakamani kwa sababu ya jina. Wazee wazima, wanagombania jina la bendi ya utotoni.

Anayetaka kumtetea John aje, namsubiri. Ila aanzie kwenye ile harusi.