Mrejesho: Kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji ukutani

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliwauliza kwa nini kiyoyozi cha chumbani kwangu hapa Gulu kilikuwa kikipuliza hewa hafifu na kudondosha maji ukutani, na wengi mlinishauri nianze na vichujio kabla ya kumwita fundi. Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikafungua kifuniko cha mbele na kuvichomoa vichujio viwili, ambavyo vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limevifunika hata mwanga haukupenya. Niliviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikavianika kivulini hadi vikakauka kabisa, kwa kuwa jua kali huweza kuipinda plastiki. Hewa ilirudi kwa nguvu siku hiyohiyo.

Maji, hata hivyo, yaliendelea kudondoka. Fundi aliyekuja aligundua kwamba mpira wa kutolea maji ulikuwa umezibwa na utelezi pamoja na matope ya nyigu, akauzibua kwa dakika chache. Alitaka pia kuongeza gesi, nami nilikataa, kwa sababu gesi haipungui isipokuwa pawe na mvujo, naye hakuweza kunionyesha palipovuja.